Kabaka Aliyekimbilia Magu

Septemba 1888 mitumbwi michache iliondoka kwa haraka pwani ya Buganda ikaelekea kusini. Ndani yake alikuwamo Mwanga, Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, kijana wa miaka ishirini na kitu, pamoja na vijana wachache wa ikulu waliokubali kufuatana naye. Huko nyuma, katika mji mkuu wa Mengo, nduguye Kiwewa alikuwa ameshaketishwa kitini pake.

Mtumbwi wa Kiganda wa enzi hizo haukuwa gogo lililochongwa. Ulikuwa wa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, ncha ya mbele imejitokeza kama shingo ndefu, na mara nyingi imepambwa kwa pembe za mnyama. Ulikuwa mwepesi na wa kasi, lakini ulivuja kwenye mishono. Makasia yakienda, lazima awepo mtu wa kuteka maji chini na kuyamwaga nje, mchana na usiku, kwani akilala chombo kinazama. Kabaka aliyezoea kubebwa mabegani alivuka ziwa katika chombo cha namna hiyo, akilala visiwani na kwenye fukwe za watu asiowajua, mpaka akaingia Ghuba ya Speke na kushuka Magu.

Leo Magu ni mji wa wilaya kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Abiria wengi huujua kwa stendi yake, na wenyeji huujua kwa pamba, mpunga, samaki na viazi vinavyokaushwa kuwa michembe. Wakati ule palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliofuata njia ya misafara kutoka Unyanyembe. Vitambaa, shanga, baruti na bunduki vilikuja, zikaondoka pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Mwanga aliwajua wafanyabiashara hao, maana wenzao walikuwa wamezoea baraza la baba yake na lake mwenyewe. Alidhani kwao angepata hifadhi.

Ili kuelewa uzito wa kilichofuata, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwambao huu wa kusini ndio uliokuwa mlango wa Injili kuingia Buganda. Msafiri Stanley alifika Kageye, kwenye ghuba hiyohiyo, tarehe 27 Februari 1875, akaunganisha mashua yake hapo na kwenda kumwona Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga. Barua yake ya kuomba wamisionari ikatangazwa Uingereza mwaka uleule. Waanglikana wa kwanza walifika Kageye 1877, na daktari wao, John Smith, akafa na kuzikwa hapo kabla hajaiona Buganda. Mwishoni mwa Desemba 1878 walifuata Mapadri Weupe, Wafaransa wa Kardinali Lavigerie. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakatia mguu Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Waganda walimwita Lourdel Mapeera, na jina hilo bado liko midomoni mwao.

Mutesa alikufa Oktoba 1884, Mwanga akarithi akiwa na miaka kama kumi na minane. Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka, kwa kuwa alikuja kwa njia ya mashariki, njia ambayo watu wa Buganda waliiogopa. Mwezi uliofuata, Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki na mtumishi mkubwa wa ikulu, alikatwa kichwa. Alikuwa amethubutu kumwambia Kabaka kwamba kumwua askofu lilikuwa kosa, tena alikuwa akiwakinga vijana wadogo wa ikulu wasichukuliwe na Mwanga kwa tamaa zake. Ndipo ikaja Mei 1886, vijana Wakristo wa ikulu wakakamatwa. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, huko Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walifungwa katika matita ya matete na kuchomwa moto. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka kama kumi na minne. Waliouawa kwa miaka ile na ambao majina yao yametunzwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Namugongo haikuanza siku hiyo kunywa damu ya waumini. Miaka kumi hivi kabla yake, Mutesa aliwaua hapohapo vijana Waislamu kwa kosa la kuitii dini yao kuliko Kabaka. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tunaosoma historia ya mashahidi kanisani hatulisikii, na kwa sababu litatusaidia tusiwafanye Waislamu wa habari hii kuwa watu wabaya tu. Nao walikuwa na makaburi yao.

Kufikia 1888 Mwanga aliwaogopa wasomaji wote, wa Injili na wa Kurani, kwani ndio waliokuwa na bunduki na vyeo. Akapanga kuwapakia katika mitumbwi, awaache kisiwani wafe njaa. Hila ikajulikana, wakagoma kupanda, wakaungana na kumpindua. Hiyo ndiyo sababu ya ile mitumbwi kukimbilia kusini.

Magu hakupata hifadhi aliyoitarajia. Wafanyabiashara wale walimchukulia mali aliyokuja nayo, wakamweka kama mateka wa heshima ndogo, mtu wa kutunzwa kwa kuwa huenda siku moja akafaa kwa biashara. Aliyekuwa na uwezo wa kumtoa mtu roho kwa kupepesa jicho sasa alisubiri kupewa chakula na watu wengine. Alikaa hivyo kwa majuma kadhaa, akitazama maji yaleyale yaliyomleta.

Kule Buganda mambo yaligeuka tena. Oktoba 1888 Waislamu waliwapindua washirika wao Wakristo. Kiwewa naye akaondolewa baada ya kukataa kutahiriwa, akawekwa nduguye Kalema. Wamisionari wote wakafungwa pamoja, wakanyang'anywa kila kitu, na kufukuzwa kwa mashua ya Waanglikana iliyoitwa Eleanor. Ndani yake walibanana Askofu Léon Livinhac, Lourdel na wenzao Wakatoliki, pamoja na Gordon na Walker wa Kianglikana, na vijana wa misheni. Njiani kiboko aliipiga mashua ikatoboka, na baadhi ya vijana wakafa maji. Waliosalia walifika kusini wamechakaa. Wakatoliki walikwenda Bukumbi, misheni yao iliyoanza mwaka 1883 katika Ghuba ya Mwanza, ambako walikuwa wakiwalea watoto waliokombolewa utumwani. Waanglikana walikwenda Usambiro kwa Alexander Mackay, fundi na mchapaji aliyekuwa amefukuzwa Buganda mwaka mmoja kabla, ambaye mashine yake ya kuchapa ilikuwa bado ikitoa kurasa za Maandiko kwa Kiganda.

Basi mwishoni mwa mwaka ule watu hawa wote walikuwa upande mmoja wa ziwa: mwuaji Magu, na wachungaji wa waliouawa Bukumbi na Usambiro. Kwa nchi kavu kutoka Magu hadi Bukumbi si mbali. Kwa maji inabidi utoke Ghuba ya Speke, uzunguke kwenye miamba ya Mwanza, ndipo uingie ghuba ya pili na kushuka kusini. Mwanga akapeleka habari kwa mapadri kwamba yu hali mbaya na anaomba wampokee.

Natamani ningejua mapadri walisemezana nini jioni ile. Lourdel ndiye aliyemfundisha Balikuddembe. Ndiye aliyekwenda ikulu mara kwa mara kuwaombea vijana wale, akarudi mikono mitupu. Mei 1886 aliwaona wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba, akashindwa hata kuwasemesha. Na sasa aliyetoa amri alikuwa akibisha hodi. Mwanzoni mwa 1889 Mwanga alikuwa ameshafika Bukumbi. Walimpa mahali pa kulala na chakula, wakamwanzishia mafundisho ya katekisimu, yaleyale ambayo kwa ajili yake aliwachoma watu.

Mara nyingi wahubiri wetu wakisimulia habari hii huitia katika mfano wa mwana mpotevu. Mimi naona haikai vizuri. Yule mwana alikula mali ya baba yake, hakuua mtu. Aliye karibu zaidi na Mwanga ni Sauli akiingia Dameski, na aliye karibu na Lourdel ni Anania katika Matendo ya Mitume sura ya 9: mtu anayeambiwa aende akamwekee mikono yule aliyekuja kuwakamata jamaa zake, na ambaye kwanza anamlalamikia Mungu waziwazi kwamba habari za mtu huyu tunazo. Napenda kwamba Maandiko hayakuuficha ule woga wa Anania. Bukumbi pia pasingekosa watu wa kusema habari zake tunazo.

Ila Sauli alikuwa ameanguka njiani na kuona nuru. Mwanga alikuwa ameanguka kitini tu. Kama alijuta kweli, au aliona tu kwamba mapadri ni kivuko cha kurudia kwao, yeye na Mungu wake ndio waliojua. Katika barua aliyompelekea Mackay naye aliomba ya nyuma yasahauliwe, akaahidi kwamba akirudishwa wamisionari watakuwa huru kufanya wapendavyo. Mackay hakuwa mwepesi kumwamini, tena hakutaka misheni ishike kazi ya kupanga vita. Hata hivyo hakumjibu kwa matusi, wala hakumcheka.

Lakini wamisionari, kwa haki, hawakuwa wenye deni. Waliouawa hawakuwa watoto wao wa kuzaa, na mwilini mwao wenyewe hapakuwa na kovu la Mwanga. Wenye deni walikuwa mbali, magharibi, katika nchi ya Kabula mpakani mwa Nkole, ambako Mfalme Ntare aliwapa hifadhi Wakristo wa Buganda waliofukuzwa. Na hapa ndipo historia hii hunishika mimi kuliko mahali pengine popote.

Aliyewaongoza kule aliitwa Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Alikuwa mmoja wa vijana wa ikulu wa mwaka 1886. Mwanga hakumpeleka Namugongo. Aliamuru ahasiwe. Nyonyintono aliishi na jeraha hilo, akapanda cheo hata akawa Katikiro, yaani waziri mkuu, katika siku chache za Kiwewa. Karibu naye alikuwa Apolo Kagwa, Mwanglikana, ambaye siku zilezile za Mei 1886 alipigwa na Kabaka kwa mkono wake mwenyewe hadi kujeruhiwa, kisha akaachwa hai. Kuwazunguka walikuwa mamia ya wakimbizi, na ni wachache wasiokuwa na rafiki, ndugu au mwalimu aliyekuwa majivu Namugongo.

Watu hawa walikaa kitako wakajiuliza nani awe Kabaka wao. Wana wengine wa Mutesa walikuwa mikononi mwa Kalema, ambaye baadaye aliwaua wengi wao, wake kwa waume. Aliyebaki nje alikuwa mmoja. Wajumbe wakatumwa kusini, kwenda kumwambia Mwanga arudi, watapigana kwa ajili yake.

Mtu anaweza kusema hiyo ni siasa, si huruma. Buganda bila Kabaka si Buganda, na waliokuwa wakimbizi walihitaji bendera ya kurudi nayo nyumbani. Ni kweli. Sioni kwamba ukweli huo unaufuta ule mwingine. Yusufu naye aliwapa nduguze nafaka akiwa waziri wa Farao, katika njaa iliyokuwa pia ni kazi yake ya serikali, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo machozi yake yalikuwa ya uongo. Nyonyintono angeweza kumkataa, hata kama hakubaki mwingine. Alimtaka huyu, aliyemkata.

Mei 1889 Mwanga aliondoka kusini kwa mashua ya Charles Stokes, ambaye zamani alikuwa mtu wa misheni ya Kianglikana na sasa alikuwa mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Alishuka katika jimbo la Buddu, Wakristo wakatoka Kabula kumlaki. Mapigano ya kwanza yaliwaendea vibaya. Katika vita hivyo Nyonyintono aliuawa, akimpigania mtu yule. Mwanga akarudi majini, watu wa visiwa vya Sese wakamwunga mkono kwa mitumbwi yao, akapiga kambi katika kisiwa cha Bulingugwe karibu na Mengo. Oktoba 1889 aliingia tena katika mji wake. Apolo Kagwa akawa Katikiro.

Hapa mahubiri huishia. Historia haikuishia hapa.

Mwanga hakuwa mtu mpya. Wala walioshinda pamoja naye hawakubaki wamoja. Waligawana vyeo na ardhi, hiki cha Mkatoliki, kile cha Mprotestanti, na wakakubaliana kwamba mtu akibadili dini anapoteza cheo. Imani ikawa ndiyo hati ya shamba. Kapteni Lugard alipofika Desemba 1890 na askari wa kampuni ya Kiingereza, kilichobaki kilikuwa cheche. Tarehe 24 Januari 1892, chini ya kilima cha Mengo, Wakristo wa Namugongo walipigana wao kwa wao, bunduki ya Maxim ya Lugard ikawasaidia Waprotestanti, na Mwanga akakimbia tena ziwani pamoja na Wakatoliki. Ilikuwa haijatimia miaka sita tangu vijana wa madhehebu yote mawili waungue katika moto mmoja.

Nimelitafakari hili kwa muda mrefu, na hukumu yangu ni hii. Waliompokea Mwanga Bukumbi walitenda sawasawa na Injili. Paulo, katika Warumi sura ya 12, hakuweka sharti kwamba adui mwenye njaa athibitishe toba kabla ya kupewa chakula. Mkimbizi aliyenyang'anywa kila kitu Magu alistahili paa na ugali hata kama angekufa na ukatili wake moyoni. Kosa lilikuja baadaye, pale huruma na kiti vilipotolewa kwa mkono mmoja. Hakuna aliyemwambia Mwanga, kabla hajapanda mashua ya Stokes, ataje majina ya aliowaua. Hakuna aliyemtaka awatafute mama zao. Zakayo, mtu mfupi wa Luka sura ya 19, hakuambiwa na Yesu arudishe kitu, lakini alisimama mwenyewe mbele za watu akataja hesabu: nusu kwa maskini, mara nne kwa aliowadhulumu. Mwanga alirudishiwa nchi nzima bila hesabu yoyote, kwa ahadi tu. Na waliomrudisha hawakudaiana hesabu hata wao kwa wao.

Makanisa yetu mpaka leo huyachanganya mambo haya mawili. Mtunza hazina anakula michango ya ujenzi, anapiga magoti Jumapili, watu wanalia, na Jumatatu anarudishiwa daftari na ufunguo. Mume anampiga mke mpaka anamvunja mkono, wazee wanaitwa, anaomba radhi, mke anaambiwa Mkristo husamehe, arudi nyumbani usiku uleule. Hiyo si huruma ya Bukumbi. Bukumbi mkosaji alilishwa na kulazwa, akafundishwa. Hakuna aliyekabidhiwa kwake. Kanisa likijua kutenganisha sahani na ufunguo, mwenye makosa atapata chakula chake na mdhulumiwa atapata usingizi.

Mwanga aliishi miaka mingine ya kuhangaika. Julai 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia tena upande huu wa ziwa. Safari hii Wajerumani walimshika na kumweka Mwanza. Alitoroka, akarudi kupigana, na Aprili 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Walipelekwa Shelisheli. Huko alibatizwa katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Danieli, akafa Mei 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yalirudishwa yakazikwa Kasubi, karibu na baba yake. Ubatizo ule wa mwisho siwezi kuupima, na sidhani kuna anayepaswa kuupima. Aliupata akiwa hana jeshi, hana kiti, wala mtu wa kumwahidi chochote.

Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na siku hiyo hakuacha kuwataja pia Waanglikana waliokufa pamoja nao. Tangu hapo, kila ikaribiapo tarehe 3 Juni, waumini kutoka Tanzania huvuka Mutukula kwenda Namugongo, na majina ya Kizito, Karoli Lwanga na Matia Mulumba yamejaa katika vitabu vya ubatizo vya mwambao mzima.

Nyonyintono hayumo katika orodha ya wale 22, kwa kuwa hakufa mikononi mwa mtesi wake. Alikufa akimtumikia. Wewe unayesali Magu, Kisesa, Nyanguge au Bukumbi, Juni ijayo mkifika kwenye maombi ya waumini, mtajeni Honorat Nyonyintono kwa jina. Na baada yake, mwombeeni Danieli Mwanga.